Mguu Mmoja Nje ya Mashua

Huku kwetu Kainuu, kaskazini kwenye baridi na maziwa, mwaka una misimu mitano, na huo wa tano hauna adabu. Tunauita kelirikko, yaani njia imevunjika. Ziwa limeganda kiasi cha kuzuia mashua, lakini si kiasi cha kubeba mtu. Huwezi kupiga makasia, huwezi kuteleza kwa skii. Unakaa ndani na mwenzi wako.

Mume wangu Oiva hakuumbiwa kukaa ndani. Mwaka jana alitoka kabla ya wakati, barafu ikapasuka, akazama hadi kifuani. Alirudi akitambaa, suruali imeganda kama ubao. Siku hiyo nililia, na mimi si mtu wa kulialia. Nikatunga sheria: atakayekanyaga ziwa kabla barafu haijafika sentimita kumi, atahamia mjini Oulu kwa dada yangu Aune, ghorofa ya nne, ambako madirisha hayafunguliwi. Nilinunua na sanduku la safari, nikaliweka mlangoni. Alijua sitanii.

Basi mwaka huu kila asubuhi Oiva alisimama gatini, akatoboa barafu kwa mtaimbo, akapima, akaandika kwa penseli kwenye ukuta wa sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke kando ya ziwa. Tatu. Nne. Ikanyesha mvua: mbili. Nilimwambia mvumilivu hula mbivu. Akaniuliza mbivu gani, Desemba hii.

Nilimfichia viatu vyake vya misumari chini ya ngazi. Akawa anashinda bandani, ameketi ndani ya mashua, anapiga makasia pakavu. Siku moja nilimpelekea kahawa, akaniambia nisubiri kidogo, ndio kwanza anakizunguka kisiwa. Nikasubiri. Kahawa ikapoa.

Mimi sikuwa na shida yoyote. Nilimfumia mjukuu wetu Jalo soksi jozi kumi na moja, na Jalo ana miguu miwili. Kutoka jikoni hadi dirishani ni hatua tisa, au nane ukizirefusha. Nilibishana na mtangazaji wa hali ya hewa, naye hakuwahi kunishinda. Majirani walipopiga simu kuuliza hali, niliwaambia mgonjwa ni Oiva.

Wiki ya pili ya Desemba, saa sita mchana, niliamua kuvihamishia viatu sauna, maana chini ya ngazi palianza kunitia wasiwasi. Mikono ilikuwa imejaa kuni, kwa hiyo nilivivaa. Kutoka sauna hadi ziwani ni hatua mbili. Nikazipiga. Kisha nikapiga nyingine thelathini. Sina maelezo zaidi ya hayo.

Upepo ulinipiga usoni. Nilifurahi, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Ndipo barafu ikalia chini yangu, mlio mrefu uliokimbia hadi kisiwani. Nikalala kifudifudi kama tulivyofundishwa shuleni. Maji yakaanza kupenya, yakanilowesha mikono ya koti. Nilikuwa naogopa kufa, lakini sikuita. Ningeita, ningelazimika kueleza.

Oiva alikuja bila haraka. Alikuwa anaisukuma mashua kama walivyofanya wazee wetu msimu huu: mguu mmoja ndani, mwingine nje unasukuma barafu, ili ikikatika uwe umeshapanda. Akaninyooshea kasia, akanivuta ndani kama samaki. Akakaa. Akalitazama ziwa.

"Hapa ni sentimita ngapi?"

"Nne."

"Sheria inasemaje?"

"Kumi."

"Sanduku liko mlangoni, bibie. Nimelipangusa vumbi."

Nyani haoni kundule, na langu lilikuwa limeanikwa katikati ya ziwa. Nikamwambia ukweli: wiki tano nilikuwa namchunga yeye ili nisiliangalie ziwa.

"Najua," alisema. "Hata viatu nilijua viko wapi tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuvichukua?"

"Namwogopa Aune." Akakamua maji kwenye mkono wa koti langu. "Na mwaka jana ulilia."

Ufuko ulikuwa hatua thelathini nyuma yetu, na kisiwa kilikuwa mbele. Nilidhani atageuza. Badala yake alisogea upande wa kushoto, akaniachia wa kulia.

Nikatoa mguu nje, nikasukuma. Aune hajaambiwa mpaka leo.