Wiki Nne Mbali na Unga

Ugonjwa wa choa ulimwanza mkandaji wa mikate kiunoni, pale kamba ya aproni inapobana jasho. Alipaka malhamu aliyouziwa dukani bila kuulizwa neno; mwasho ukatulia siku chache, kisha maduara yakapanda mgongoni, kifuani, hata mikononi. Akawa anakanda unga huku ameshusha mikono ya shati katika joto lote lile, mpaka asubuhi moja mwenye kiwanda cha mikate, waliyemwita Bibi Tanuri, alipompandisha mkono wa shati na kujionea.

"Mwanangu, mikono hii haitagusa unga wangu," alisema bila ukali. "Rudi na barua ya daktari. Nakushikia nafasi wiki nne. Zikipita, sina budi kumweka mwingine."

Daktari alimkagua kwa kioo cha kukuzia. "Umeenea mno kwa dawa ya kupaka. Utameza kidonge kimoja kila siku, wiki nne. Uliwahi kuugua ini? Kuna dawa nyingine unazotumia?"

"Hapana, daktari."

"Vyema. Ukiona macho ya manjano au mkojo mweusi, acha, uje upesi. La sivyo, usiache hata ngozi ikitakata."

Kufikia wiki ya pili alikuwa amesahau kujikuna. Ndipo akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, mpanga mikate wa kiwanda kilekile, aliyekuwa akikanda mahali pake kwa aproni ileile. Naye alikuwa na duara moja kiunoni.

"Shemeji, umenirithisha kazi pamoja na mikwaruzo yake! Hebu nigawie vidonge."

"Kwa nini nikunyime? Hata chachu hatunyimani."

Ni kweli. Kwa wakandaji, kumnyima mwenzako donge la chachu ni aibu kuliko kuunguza mikate. Akachukua mkasi, akaikata pakiti katikati.

Mkewe aliingia, akavinyakua vipande vyote viwili. "Chachu ukiigawa hukua. Dawa ukiigawa, hamponi nyote wawili. Na wewe kaka, umesahau ulivyolazwa mwaka jana kwa ini?"

"Dada, hilo lilishapita."

"Kama lilipita, akwambie daktari."

Kesho yake daktari alimweleza shemeji kwamba kwa ini lile, vidonge vingeweza kumdhuru vibaya. Tena duara moja lilihitaji dawa ya kupaka tu, na aproni isiyovaliwa na mwingine. Shemeji alirudi akawasimulia yote. Mkandaji akatambua kwamba wema wake ulikuwa nusura umwue ndugu wa mkewe.

Akameza vyake hadi cha mwisho. Siku ya ishirini na nane daktari alimkwangua ngozi kidogo, akaitazama kwa hadubini.

"Fangasi hamna. Madoa haya yatafifia yenyewe."

Mkandaji alishusha pumzi ndefu hata karatasi za mezani zikapeperuka.

Bibi Tanuri aliisoma barua mara mbili. "Alhamdulillahi. Kuanzia leo kila mtu na aproni yake, na zifuliwe kila siku. Haya, shika nafasi yako. Shemeji yako arudi kupanga mikate. Wateja wamedhani tumeanza kuuza matofali."

"Nimesikia!" shemeji alipaza sauti nyuma ya rafu.

"Nilitaka usikie, baba."

Mkandaji hakungoja kuambiwa tena. Alikuwa tayari ananawa.