Mgeni Atolewe

Meneja Telesphory alikuwa na miezi minane Kigoma. Alishuka kwenye treni ya Dar es Salaam na koti lisilovulika hata jua liwake vipi, akakabidhiwa ofisi ya wakala wa mizigo jirani na bandari. Tangu siku hiyo kila kilichoharibika kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye.

Jumatatu hiyo iliharibika kompyuta kuu. Ilikuwa moja tu, imechoka, kubwa kama kabati la nguo, na ofisi nzima iliingia humo kutoka kwenye meza zao. Ilipokea maingilio ishirini kwa wakati mmoja. Wa ishirini na moja aliambiwa asubiri. Saa tatu asubuhi karibu kila mtu alikuwa anaambiwa asubiri, na meli ya saruji ya kwenda Bujumbura imekaa gatini bila hati.

Winfrida, aliyeitunza mashine hiyo, akafungua orodha ya waliounganishwa: jina la mtumiaji, meza aliyoingilia, na tangu lini. Meneja alisimama nyuma yake akisoma kwa sauti, kidole kikitembea juu ya kioo.

"MGENI. MGENI. MGENI. Mara kumi na nne. Huyu mgeni ni nani?"

"Bosi, hapo mgeni ni jina la..."

"Najua maana ya mgeni."

Kwa maana yake, mgeni alikuwa Vénérande wa idara ya hati. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, lakini yeye alizaliwa Ujiji, akasoma Ujiji, akaolewa Ujiji. Meneja hayo hakuyauliza.

"Asubuhi nimemsikia anaongea Kirundi."

"Alikuwa anaongea na mimi, bosi. Kile ni Kiha, lugha ya hapa hapa Kigoma. Mimi Muha."

"Ndiyo hayo hayo."

Akaingia ofisini kwake, akatoka na barua ya kumsimamisha mtu kazi kwa kuhujumu mfumo, na laptopu yake akaibeba mkononi kama sinia, maana tangu asubuhi alikuwa anaandikia makao makuu taarifa ya miezi mitatu na hakutaka kuiacha. Jina la Vénérande lilikuwa limemshinda kuandika, na vile vialama vyake. Basi barua ikasema tu, "mtumiaji anayetambulika mfumoni kwa jina la MGENI." Akaita wafanyakazi wote, akaiweka laptopu kwenye meza ya Winfrida, akamnyooshea Vénérande barua.

Vénérande alisimama katikati yao ameshika mkanda wa mkoba. Binti yake Carmen alikuwa kidato cha nne, na mshahara wa mama ndio uliomweka shuleni. Winfrida alipandwa na hasira, akarudisha macho kwenye orodha ili asimtazame Meneja, na hapo ndipo alipoisoma safu ya pili. Majina yote kumi na manne yalitoka meza moja. Meza namba moja. Ya ofisini kwa Meneja, kwenye kiyoyozi.

Akakumbuka. Meneja alipofika, ni yeye Winfrida aliyemwingiza kwa jina la MGENI, la kuazima kwa siku moja, mpaka achague nywila yake. Bosi alisema atachagua kesho. Tangu hapo alibonyeza tu, laptopu ikamwingiza yenyewe, na jioni alikishusha kifuniko bila kujitoa mfumoni. Mashine ilikuwa imewashwa upya karibu wiki tatu zilizopita, umeme ulipokatika na kuwatoa wote. Siku za kazi kumi na nne, Meneja kumi na wanne.

"Bosi, ungeangalia hii safu ya pili."

"Sitaki safu. Mtoe. Hapa hapa, mbele ya wote, iwe fundisho."

"Wote kumi na wanne?"

"Asibaki hata mmoja."

Winfrida akawatoa. Nafasi zikapatikana, printa ya hati ikaanza kunguruma, na laptopu ikalia mezani mbele ya Meneja. Kwa mazoea yake, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma kwa sauti.

"MGENI, umetolewa. Kazi ambayo haikuhifadhiwa imepotea."

Bonifasi wa ghalani aligeukia ukutani, mabega yakimcheza. Meneja alisoma tena, safari hii kimyakimya, akasahau kwamba barua bado ameinyoosha kwa mkono wa pili. Vénérande akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote za kwao, akaisoma mpaka mwisho, kisha akamrudishia.

"Ni yako, bosi," alisema. "Na sahihi umeshaweka."