Fuwele ya Koti la Spora

Bakteria wetu akiona maisha yamemwendea kombo hujikunyata, anakuwa spora, anavaa koti la protini tabaka juu ya tabaka. Mchemshe, mkaushe, mmwagie spiriti, hana habari. Miaka minne nilikuwa natafuta umbo la protini moja tu ya koti hilo. Ili mashine ya eksirei ilione, lazima protini itulie na kuwa fuwele. Yangu iliganda ovyo kama uji uliosahauliwa jikoni.

Jumatatu moja nikachungulia kwenye darubini. Ndani ya tone kulikuwa na kipande chenye pembe kali, kinang'aa. Kimoja tu. Nikampigia mama simu. Kufikia mchana mtaa mzima ulijua nimepata almasi.

Mkuu wa maabara, ambaye kwa siri tulimwita Chumvi, alikuja kutazama.

"Chumvi," akasema.

"Ni protini, mkuu."

"Juzi tulipeleka chumvi kwenye mashine ya watu tukidhani ni fuwele ya protini. Wanatucheka hadi leo."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hilo nalielewa. Lakini nafasi kwenye mashine huombwa na yeye, na alikwisha kuniambia: nisipokuwa na cha kuonyesha mwezi huu, utafiti wangu unafungwa.

"Kichome," akasema, akanipa sindano.

Kipimo chenyewe ni cha kizamani. Chumvi ukiibonyeza hulia ta! Protini husagika kimya. Ubaya ni kwamba ukishapata jibu, fuwele huna.

"Kiko kimoja tu, mkuu."

"Basi hutachoka."

Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nikashusha sindano, naye ametega sikio juu ya bega langu. Koti linaloshinda maji yanayochemka, nami namwomba Mungu kipande chake kiwe laini! Nikabonyeza.

Kikabomoka, kikawa vumbi ndani ya tone. Machozi yakanitoka.

Chumvi alikuwa bado ameinama.

"Sijasikia kitu," akasema polepole.

"Hata mimi."

Akavuta kiti akakaa.

"Katengeneze nyingine," akasema. "Nafasi ya mashine naiomba leo."

Jioni mama akapiga simu. Majirani walikuwa wamekuja kuuliza.

"Hiyo almasi yako iko wapi, mwanangu?"

"Nimeivunja, mama," nikamwambia. "Ilikuwa ya kweli."