Kesi ya Jicho la Felista

Mara ya tatu Felista alipokutana uso kwa uso na baba mkwe wake, ukoo ulisema basi. Mara ya kwanza alimpita kwenye migomba, mara ya pili kisimani, na hii ya tatu, jamani, mlangoni mwa kanisa, bega likagusa koti la mzee mbele ya usharika mzima. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwanao hakutazami. Akikuona kwa mbali anaacha njia, anajifunika kanga na kukupa mgongo mpaka upite. Wakristo wa Ikolo waliacha mengi ya mababu, lakini hili baba mkwe huyo, Mzee Andendekisye, alikuwa bado amelishika kwa mikono miwili.

Felista alisema hakumwona. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu, na kila alipoligeuza liliuma. Nani angemwamini? Mwanamke anayeona kijiwe kimoja ndani ya ungo mzima wa mchele, leo anashindwa kumwona mwanamume mrefu mwenye koti jeusi! Ambrose, mdogo wa Mzee Andendekisye na msemaji wa ukoo, alikuwa na maelezo yake. Tangu serikali ifungue biashara kwa watu binafsi, na mume wake Godlove aanze kuvusha mchele mpakani kwenda Karonga na kurudi na vitenge, mwanamke huyu ameota mapembe. Uamuzi ukatoka: arudishwe kwao Ngana, watoto wake watatu wabaki.

Godlove aliomba kwanza mkewe apimwe. Wakakubali, maana ukoo ule ulipenda haki, hasa haki iliyoandikwa kwenye karatasi yenye mhuri.

Ilichukua wiki sita kumpata mtaalamu wa macho, na jicho halikumsubiri. Ukungu ulikuwa umeshaondoka. Felista akasoma herufi zote za ukutani, hata zile za chini zinazowashinda walimu. Mtaalamu akamulika tochi, akaandika kwamba macho ni mazima, akagonga mhuri. Ambrose aliisoma karatasi hiyo mara mbili, kwa sauti ya mahubiri.

Kilichomwokoa ni ugonjwa kuzidi. Miguu ilianza kufa ganzi, akawa anajikwaa kwenye njia tambarare, na chungu alichonunua sokoni Lyulilo kikamponyoka mkononi. Godlove hakungoja kikao. Aliuza mchele wote wa msimu, akapanda basi na mkewe mpaka Dar es Salaam, kwenye hospitali ya binafsi, mojawapo ya zile zilizochipuka baada ya serikali kuwaruhusu madaktari kufungua zao.

Daktari wa huko hakuwa na habari na herufi. Alimbandika Felista nyaya kisogoni kwa gundi ya baridi, akamkalisha mbele ya televisheni. Felista alitegemea filamu. Kumbe ni ubao wa drafti tu, visanduku vyeusi na vyeupe vikibadilishana nafasi, wachezaji hakuna. Atazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Alitazama huku akijiuliza kama mchele wote ule umeuzwa kwa ajili ya drafti.

Mashine ilichora vilima kwenye karatasi, na daktari akaeleza. Kisogoni ndiko ubongo unakopokea picha. Picha ya jicho la kulia ilifika kwa wakati. Ya kushoto ilifika imechelewa, kwa sababu mshipa wa jicho uliojeruhiwa unaendelea kuichelewesha hata baada ya ukungu kuisha. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, alisema, lakini ukikiweka pamoja na ile miguu, na maji waliyotoa kwenye uti wa mgongo, vyote vinaelekea kwenye ugonjwa mmoja, ambamo mwili unashambulia ngozi ya mishipa yake wenyewe ya fahamu. Kwetu ni nadra. Unaweza kutulia, unaweza kurudi. Dawa ya kuumaliza hakuna.

Godlove alilia. Felista aliuliza jambo moja tu.

"Hayo yote utayaandika?"

"Nitayaandika."

"Na mhuri?"

Daktari akasema na mhuri. Felista alicheka kwa furaha, akamshika mikono yote miwili, ndaga, ndaga fijo, akamshukuru kwa lugha ya kwao. Daktari yule alikuwa ameshatoa habari mbaya kwa watu wengi, lakini shukrani za namna hiyo hakuwahi kuzipata.

Kikao kiliitishwa. Felista aliketi jikoni, nyuma ya ukuta wa matete, kwa kuwa mshtakiwa haruhusiwi kumwona hakimu. Ambrose akasoma. Mzee Andendekisye akatamka kwamba mkwe wake hana kosa, na kwamba yeye mwenyewe anasikitika. Kule jikoni machozi ya raha yalimtoka Felista.

Ambrose hakuketi. Kwa sauti ya huruma alisema mgonjwa wa namna hii hawezi kulima mpunga, anamhitaji mama yake. Basi, kwa upendo, arudishwe kwao Ngana. Watoto, ili wasimchoshe, wabaki. Watu wakaitikia, wengine wakifuta macho. Godlove alitazama chini.

Felista alishikwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua. Aliinuka kwa kushika ukuta, akatoka kichwa wazi, akapita katikati ya wazee polepole mpaka kwenye kiti cha baba mkwe wake. Akamtazama usoni, mara ya kwanza kwa kusudi katika miaka kumi na mmoja ya ndoa.

"Baba, siku zile sikukuona," alisema. "Leo nakuona."

Mzee alivua kofia akajifunika uso, akabaki hivyo mpaka watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Kesi ya dharau hiyo, ya kweli safari hii, hakuna aliyeifungua, wala ile safari ya Ngana hakuna aliyeitaja tena, na usiku huo Felista alilala kwake na watoto wake watatu.