Hadithi Isiyokuwa na Mzimu

Lori la majani chai halikuwa na saa. Siku likipenda lilifika saa nane, siku likinuna lilifika jua linazama, na wakulima wa kilima kile cha juu ya Keroka walishazoea kuketi na kulisengenya mpaka litokee. Ndipo Gladys, karani wa mizani, alipoanza kuwasomea. Mtu akishapima majani yake na kuyamwaga guniani, aliketi kwenye benchi la kituo cha kupimia majani, na Gladys alitoa kijitabu mkobani.

Vijitabu vyenyewe vilikuwa vya mtu mmoja, Josiah Nyasani, mwenyeji wa Nyamira, aliyeviandika na kuvichapisha mwenyewe, akaviuza kwenye maduka ya madaftari. Kazi yake ilikuwa moja, kutisha. Watu walimsikiliza Nyasani mchana, jioni wakaogopa kwenda zizini peke yao, na kesho yake wakamuuliza Gladys kama ameleta kingine.

Kemuma, mjane wa Machogu, aliketi mwisho wa benchi, mahali pake pa siku zote, kapu tupu miguuni. Alikuwa mama wa Dorkasi, chama cha huruma cha akina mama kanisani, mtu wa maneno machache na macho mengi. Chai aliichuma mwaka wa thelathini huu na haikupita kooni mwake, kwa ajili ya imani. Alibeba uji wake kwenye chupa. Celestine, jirani yake, alipenda kumwambia kwamba yeye ndiye Msabato pekee anayeuza dhambi kwa kilo. Kemuma alitabasamu kila mara, kwa heshima ya utani wenyewe.

Alhamisi hiyo Gladys alisema Nyasani ametoa kipya, na watu wakasogea.

Kilihusu mzee mchonga mawe aliyekosana na kaka yake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Walikaa miaka kumi na miwili bila kusalimiana, kijito kidogo katikati yao. Kila jioni mzee alisikia nyayo zikija mpaka langoni pake, zikasimama, zikarudi. Hapo Celestine alijifunga kanga vizuri, kwa maana alijua sasa kinakuja. Lakini kilichokuja ni kwamba mzee alitoka siku moja na kukuta mkungu wa ndizi umeegemezwa langoni. Kesho yake, mwingine. Siku ya tatu alijitwika mkungu mmoja, akavuka kijito, akabisha hodi. Kaka yake akafungua, akamtazama, akasema, "Umechelewa. Chakula kimepoa." Wakaketi wakala.

Gladys alikuwa amefika mwisho. Alifunua ukurasa wa mwisho, akautazama nyuma, akapitisha kidole kwenye mshono kuona kama kuna karatasi iliyonyofoka. Hapakuwa na kitu.

Basi kituo kizima kikaanza kumtafuta mzimu. Mwalimu Ogeto, aliyekuwa amestaafu lakini hakuwa amestaafu kusahihisha watu, alisema jambo li wazi: kaka ni marehemu. Alitaka Gladys arudie sentensi ile ya mlangoni, kisha akauliza ni kitu gani hupoa katika nyumba ya mtu, kama si mwenye nyumba. Watu wakaguna. Celestine alikataa. Yeye alisema kaka yu hai kabisa, sumu imo ndani ya ndizi, na ndiyo maana aliacha mikungu miwili: wa kwanza wa kumzoesha, wa pili wa kummaliza. Mama mmoja wa nyuma akauliza mbona naye kaka alikula sahani ile ile. Celestine akamjibu kwamba mchawi hula dawa kwanza.

"Fisi akimwalika mbuzi chakula," alisema, "mbuzi hana budi kuuliza chakula ni nani."

Wakacheka sana. Mwalimu Ogeto alicheka pia, kisha akaongeza kwamba mtu aliyeandika vitisho miaka kumi haamki siku moja na kuandika mapatano. Kama hatukuona mzimu, basi sisi ndio hatukusoma vizuri.

Kemuma alikuwa akitazama vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa majani. Aliposema, alisema taratibu hata wa nyuma wakainama kumsikia.

"Mbona kisiwe chakula tu?"

Celestine akamgeukia, macho yamejaa kicheko bado. "Mama Abner, leo umeamka. Haya tuambie. Ungekuwa wewe ndiye mzee yule, na mtu mliyekosana naye anakutilia ugali. Ungekula?"

Lilikuwa swali la utani, nalo lingepita kama utani. Lakini Kemuma aliinama akalishika kapu lake. Alitazama barabara. Watu wakangoja, kisha wakaacha kungoja, na honi ya lori ikasikika kule konani. Kila mtu akainuka kwenda kwenye magunia.

Alirudi nyumbani kwa njia ya migombani, kapu mgongoni, na swali lile likatembea naye.

Nyumba zilikuwa mbili katika boma lake. Ya kwanza yake, yenye kaburi la Machogu ubavuni. Ya pili ya mwanawe Abner, mlango umefungwa kwa kufuli mwaka wa tatu, buibui wametanda juu ya kizingiti. Abner alikuwa dereva Nakuru, na mkewe Linet alishona nguo Keroka, mwendo usiofika saa moja kwa miguu. Kila mwisho wa mwezi Abner alipiga simu na kusema Linet anakusalimu. Kemuma alijibu mwambie nami namsalimu. Wote wawili walijua kwamba salamu hizo zilianzia kinywani mwa Abner na kuishia hapo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi, na Kemuma hakuwahi kumwambia mtu.

Machogu alipozikwa, Linet alimletea mama mkwe chakula kila jioni. Alikuwa msichana wa Kenyenya, mpole, mpya katika boma. Wiki hizo hizo, pale kituoni, Gladys alisoma kijitabu cha Nyasani juu ya bibi arusi aliyemla baba mkwe wake kwa uchawi. Bibi arusi yule alificha chungu cha jivu, kimefungwa mdomo kwa kitambaa cha nguo ya marehemu. Watu waliogopa wakafurahi. Kemuma aliogopa tu. Siku ya pili aliingia jikoni kwa Linet kuazima ungo, na nyuma ya mafiga akaona chungu. Kimejaa jivu. Kimefungwa kwa kipande cha shati la buluu la Machogu.

Hakuuliza. Mtu mwingine angemwita mchawi kwa kelele, na katika milima hii kelele ya namna hiyo imewahi kuua mtu. Kemuma alijua hilo, akaufunga mdomo, akajiona mwenye hekima. Lakini hakumwamini yule msichana tena. Jioni Linet alipoleta sahani, aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akangoja aondoke, akammwagia mbwa. Siku tisa. Siku ya kumi Linet alisahau kijiko, akarudi, akamkuta yule mbwa, Simba, amezamisha pua ndani ya sahani na mama mkwe amesimama kando akimtazama anavyokula.

Linet aliinama. Aliokota sahani, akaenda kuiosha. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa Keroka.

Chungu alikiacha. Mvua za masika ziliposhika, Kemuma aliomba, akachukua kijiti, akakipindua chungu kwenye nyasi akiwa amesimama mbali. Jivu likamwagika, na ndani ya jivu maharagwe mekundu, mazima, yanang'aa, hata moja halikutobolewa na wadudu. Mbegu. Hapa kwao watu huning'iniza mbegu juu ya moshi. Huko Kenyenya, akakumbuka sasa, baadhi yao huzizika katika jivu. Na nguo za marehemu yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wazigawane, na iliyochakaa waifanye tambara.

Alizipanda. Zikaota. Kila msimu alivuna, akawagawia akina mama wa Dorkasi, akarudisha mbegu katika jivu, akakifunga chungu kwa kipande kile kile cha buluu. Yeye mwenyewe hakuyala. Na kila alipofika kwenye sala ile ya kusamehewa kama tunavyosamehe, alikimbilia tena riziki ya leo, ingawa hiyo alikwisha kuiomba.

Jioni hiyo ya Alhamisi alisonga ugali wa mtu mmoja. Mkono ulikuwa haujajifunza kipimo, na kama kawaida ulibaki wa mtu wa pili. Aliufunika. Akawaza kwamba Nyasani yule yule aliyemtia hofu ndiye leo ameandika chakula kikawa chakula, na kituo kizima, watu wazima wenye akili, wakakataa kukipokea. Walikuwa wakimwagia mbwa. Tofauti ni kwamba wao walicheka.

Ijumaa aliosha mwili na nyumba, akaipokea Sabato. Jumamosi alikwenda kanisani, akaimba, hakusikia mahubiri. Jumapili asubuhi alifunga maharagwe katika kipande cha shati la buluu, akashika mwavuli, akashuka Keroka.

Linet alishonea katika chumba cha nyuma ya duka la mbolea, kitanda upande mmoja, cherehani upande wa dirisha. Mlango ulikuwa wazi. Kemuma alibisha hodi hata hivyo.

Linet aliinuka. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, na sindano mbili zilikuwa zimechomekwa kifuani mwa blauzi yake. Alisalimu kama mke wa mwana anavyosalimu, kichwa chini, akavuta kiti, akakipangusa. Akauliza habari za huko, akajibiwa ni nzuri. Akauliza majani, akajibiwa yapo. Kisha maneno ya heshima yakaisha, na malori ya barabarani yakawa yanasikika vizuri sana.

Kemuma aliweka kifurushi juu ya meza ya cherehani. Linet alikitazama kitambaa kabla ya kugusa fundo. Alipofungua na kuona mbegu, hakushangaa. Alikaza macho kama anayesoma.

"Niliona chungu," Kemuma alisema. "Nikaona jivu na hili shati. Tulikuwa tumesomewa hadithi kule kituoni. Nikaiamini."

"Hadithi gani?"

Akamweleza yote, bibi arusi na chungu chake, bila kujificha popote. Ilikuwa aibu kuisema kwa sauti katika chumba chenye mwanga; ilionekana jambo dogo kiasi ambacho mtoto angelikataa. Linet alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kweli ilikuwa hiyo tu. Kemuma akasema ilikuwa hiyo tu.

"Mimi nilidhani ni kwa sababu sijazaa," Linet alisema. "Miaka mitatu nimefikiri hivyo."

Kemuma aliyatazama maharagwe. Alikuja na aibu moja, akagundua alikuwa amepanda nyingine ambayo hakuijua, nayo imeota huku peke yake. Aliinamisha kichwa. Angeweza kuomba msamaha wakati ule, na maneno alikuwa nayo, ya Biblia na ya kwao. Lakini aliona hayo maneno yangekuwa kama zile shukrani za sahani, mikono miwili mbele na mbwa nyuma.

"Nipe chakula," akasema.

Linet akamtazama. "Ni ugali wa jana na mboga. Sijapika."

"Wa jana nitaula."

Linet alimnawisha mikono. Akaweka sahani magotini pake, akarudi nyuma mpaka ukutani, akasimama pale amekunja mikono. Kemuma aliomba, kwa kifupi, na alipofumbua macho Linet alikuwa hajafumba ya kwake. Akamega tonge. Ugali ulikuwa mgumu na mboga yake ya chinsaga ilikuwa chungu, haijatiwa maziwa. Alitafuna, akameza. Akamega tena. Linet alifuata kila tonge kutoka sahani mpaka mdomoni, na Kemuma akala polepole ili aweze kufuatwa vizuri.

"Simba yupo?" Linet aliuliza.

"Alikufa mwaka jana."

"Alikuwa amenona."

"Alinona kwa chakula changu," Kemuma alisema.

Kitu kilipita usoni mwa Linet, hakikufika kuwa kicheko. Akageuka akaketi kwenye cherehani yake, akaweka mguu kwenye kanyagio, akashona mstari mmoja mrefu wa sare ya shule bila kuinua macho. Kemuma alimaliza. Aliikusanya mboga ya pembeni kwa tonge la mwisho mpaka sahani ikawa safi, kisha akakaa nayo magotini, hakujua aiweke wapi. Hakuambiwa karibu tena. Hakuambiwa nenda.

Cherehani ikasimama.

"Haya maharagwe," Linet alisema, bado ameinamia kitambaa, "mvua ya mwaka huu umeyapanda?"

"Bado. Shamba la upande wa nyumba yenu halijalimwa."

Linet alikata uzi kwa meno. Alichukua maharagwe, akayagawa mafungu mawili kwa ubavu wa kiganja, akalisukuma fungu moja mbele ya mama mkwe. La pili akalifunga katika kile kitambaa cha buluu, akaliweka kwenye kikopo cha vifungo.

"Hayo tangulia nayo," akasema.

Kemuma aliyafunga yake katika ncha ya leso. Alipanda kilima peke yake, mwavuli umefungwa ingawa manyunyu yalikuwa yameanza, na tumbo lake likiwa zito kwa ugali wa jana. Nyumbani alichukua jembe akaanza kulima mbele ya ule mlango wenye kufuli.