Dakika Sita za Jua

Maximiliano Ugarteche alifika Laguna Parda mwezi wa Januari, kama wafikavyo wote wanaokuja kukosea. Kusini kule kwa Ajentina, Januari ndicho kiangazi chenyewe: jua halizami hadi saa nne usiku, mto hupita mweupe juu ya mawe, na hata mtu mvivu huamka na hamu ya kupanda mlima. Alikuja na gari lililosheheni kamba za kukwelea miamba, kompyuta mbili, na karatasi aliyoichapa jedwali. Katika jedwali hilo alikuwa ameipa alama miji tisa: kasi ya intaneti, mwendo wa miguu hadi mwambani, saa za gari hadi uwanja wa ndege, ubora wa kahawa. Laguna Parda ilikuwa imeishinda mingine kwa alama mbili.

"Nimechoka kuishi kwa kungoja likizo," alimwambia Ercilia Klenk, ambaye ukoo wa mumewe ndio uliomiliki viwanja vilivyobaki mjini. "Nataka nifunge kompyuta saa tisa, na saa tisa na nusu niwe naning'inia mwambani. Watu huchagua kazi kwanza, halafu mahali. Mimi nimechagua mahali kwanza."

"Umefanya vema," alisema Ercilia.

Ercilia alikuwa amemtambua kabla hajazima injini. Ugarteche hakumtambua. Miaka ishirini na miwili iliyopita Ercilia alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, ameketi safu ya tatu kanisani katika misa ya wafu, na jina lake la ukoo lilikuwa Mansilla. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwenye jina la mume na viganja vya mtu anayepasua kuni zake mwenyewe. Ugarteche alikuwa na mvi kidogo tu. Uso wake ulijulikana, kwani makampuni ya Buenos Aires yalimwalika awasimulie wafanyakazi wao jinsi alivyompoteza mwenzake mlimani, na jinsi msiba ule ulivyomfunza kufanya maamuzi.

Mwenzake huyo alikuwa Lalo Mansilla, kaka yake Ercilia.

Walikwea wawili. Karibu na kilele Lalo akavunjika mguu. Ugarteche akashuka peke yake na kamba, akasema kwamba Lalo amemfia mikononi. Kwa kuwa hakuna atakayehatarisha maisha katika dhoruba kwa ajili ya maiti, kikosi cha uokoaji kilingoja hali ya hewa itulie. Kilingoja siku kumi na moja. Walipofika walimkuta Lalo ameketi, mgongo umeegemea mwamba, na karibu na mkono wake sufuria ndogo ya alumini. Ubavuni mwa sufuria palikuwa na mistari saba iliyokwaruzwa kwa kisu, imepangwa kama apangavyo mtu anayehesabu siku. Mkuu wa kikosi alisema mikwaruzo si ushahidi. Ugarteche alisema sufuria ilikuwa kuukuu. Lakini Ercilia ndiye aliyeisugua sufuria ile asubuhi ya safari, na haikuwa na mstari hata mmoja.

Tangu siku hiyo hakutamani damu wala kifungo. Alitamani sentensi moja itoke katika kinywa cha mtu yule, mbele ya watu, bila mapambo.

Mto unaigawa Laguna Parda pande mbili. Upande mmoja ni Alto, ambako jua hufika mwaka mzima. Wa pili ni Bajo, chini ya mlima uliosimama kaskazini kama mlango uliofungwa. Kiangazi jua hupita juu ya mlima huo bila shida, na Bajo hupendeza kuliko Alto: kuna kijito, miti mirefu, na mwamba wa kukwea uko hatua mia mbili tu. Lakini tarehe nane Mei jua huzama nyuma ya mlima, na halionekani tena Bajo hadi tarehe nne Agosti. Kwa sababu hiyo kulikuwa na kanuni isiyoandikwa popote, ambayo hakuna aliyepata kuivunja: anayeuza kiwanja cha Bajo humwambia mnunuzi, "Rudi Juni ukakione." Majirani hawaingilii. Maneno hayo ni ya muuzaji.

Ercilia alimpeleka Ugarteche Bajo. Njiani alijiwekea sharti, kwa maana hakuwa mwanamke wa kusema uongo: akiuliza swali moja tu juu ya majira ya baridi, atamjibu ukweli wote.

Ugarteche aliuliza juu ya intaneti. Aliuliza kama mbwa wa majirani hubweka, kama maji ya kijito yananyweka, kama mkahawa hufunguliwa Jumapili. Aliupapasa mwamba kama mtu anayepapasa farasi kabla ya kumnunua.

"Kuna lingine la kuuliza?" alisema Ercilia.

"Hakuna."

"Fikiri vizuri."

Akacheka. "Doña Ercilia, mtu akiona mahali kama hapa, anauliza nini tena?"

Wakatiliana saini wiki hiyo hiyo. Nélida, mwenye kiwanda cha mbao pale Bajo na rafiki wa Ercilia wa miaka mingi, alimfuata hadi darajani.

"Umemwambia arudi Juni?"

"Hakuuliza."

"Sikukuuliza kama aliuliza."

Ercilia akaanza kuvuka daraja.

"Shoga yangu," alisema Nélida, "kwa kiwanja kile hata mbuzi ungemwambia."

"Mbuzi hajaniulia kaka."

Nyumba ilikamilika Aprili, ya vioo vingi, imeelekezwa mlimani. Tarehe nane Mei, mchana, Ugarteche alikuwa akizungumza na watu kwenye kompyuta, na kiza kilipoingia chumbani alidhani ni wingu. Keshoye alitoka nje mara nne kulitazama wingu hilo. Siku ya tano alimuuliza Nélida, na Nélida akamjibu kwa adabu kwamba si wingu.

Mwezi wa Juni ukaifanya kazi yake. Mabomba yaliganda yakapasuka. Sahani za umeme wa jua zilikaa juu ya paa kama trei tupu. Kuni alizonunua zilikuwa mbichi, kwa kuwa hakujua kwamba kuni za Juni hukatwa mwaka mmoja kabla, na zilimpa moshi mwingi kuliko moto. Mwamba aliouhamia ulivaa barafu toka juu hadi chini, hata kidole hakikupata pa kushika. Mkewe, Pilar, aliyemfuata nyumba ilipokamilika, alivumilia hadi tarehe ishirini. Kisha alikwenda Buenos Aires kumtazama mama yake, na akachukua masanduku yote manne.

Ugarteche mwenyewe hakuondoka. Nyumba isiyo na jua hainunuliwi wakati wa baridi, na kila asubuhi aliendelea kuwatumia maelfu ya wafuasi wake picha za Februari, zenye maneno juu ya ujasiri wa kuchagua maisha ya nje. Mtu aliyejitangaza hivyo hawezi kurudi mjini kimyakimya.

Kutoka madirishani mwake aliiona Alto ng'ambo ya mto, inang'aa. Aliona nguo za Ercilia zikikauka kambani. Ercilia, ambaye zamani alianika nguo upesi na kurudi kazini, mwaka ule alianika moja moja, na kila shuka aliikung'uta mara tatu.

Ugarteche alikuja kwake katikati ya Julai. Alivaa koti la milimani ndani ya nyumba ya watu, na hakulivua. Ercilia alimkaribisha jikoni, akamimina maji ya moto kwenye kibuyu chenye majani ya yerba, chai ya kule, akampa anyonye kwa mrija wa chuma.

"Doña Ercilia, ungeniambia."

"Ungeniuliza."

"Kila mtu hapa alijua."

"Ndiyo. Kila mtu aliyekaa hata Juni moja."

Ugarteche alishika kibuyu kwa mikono miwili. "Sikuja kugombana. Nimesikia una kiwanja kimoja Alto. Niuzie. Taja bei."

"Nitakuuzia kwa bei ile ile ya Bajo. Kunywa kwanza."

Akanywa, akarudisha kibuyu. Ercilia akakijaza tena kutoka sufuria ndogo iliyokuwa motoni, kisha akaiweka sufuria mezani na kuigeuza taratibu, mpaka mistari saba ikamtazama mgeni.

Ugarteche aliihesabu. Midomo yake ilionekana ikihesabu.

"Kabla ya kuolewa niliitwa Ercilia Mansilla."

Ugarteche akaondoa macho kwenye sufuria.

"Alikuwa hapumui," alisema Ugarteche hatimaye.

"Asiyepumua hakwaruzi sufuria."

"Hujui kulikuwaje kule juu. Upepo ule. Nilikuwa na miaka ishirini na sita."

"Na yeye alikuwa na ishirini na minne, akabaki nayo." Ercilia aliketi mbele yake. "Sikiliza, Maximiliano. Tarehe nne Agosti jua linarudi Bajo. Tunakutana wote uwanjani kwa Nélida. Siku ya kwanza linakaa dakika sita. Mwenye jambo linalomlemea hulisema ndani ya dakika hizo, na alisemalo hakuna atakayemrushia usoni tena, si siku hiyo wala baadaye. Ndiyo desturi, na watu wa hapa wanaiheshimu. Wewe utasema maneno manne: nilimwacha Lalo akiwa hai. Keshoye asubuhi kiwanja cha Alto ni chako."

"Na nisiposema?"

"Desturi ni hiyo hiyo. Lisilosemwa juani hungoja mwaka."

Ugarteche aliisukuma sufuria kando. "Maneno manne," alisema.

"Hata pumzi ya pili hutaihitaji."

Tarehe nne Agosti ilikuwa na anga safi. Kufika saa saba na nusu mchana watu wa pande zote mbili walikuwa wamejaa uwanjani kwa Nélida, wameketi juu ya magogo, blanketi magotini. Nélida alikaanga mikate ya unga kwa mafuta ya ng'ombe, akaigawa ikiwa moto. Vibuyu vya yerba vilizunguka. Ugarteche alisimama karibu na msumeno, amenyoa ndevu, amevaa shati jipya.

"Huyu amejipamba kama anayekuja kuposa," alinong'ona Nélida.

"Mwache."

Saa saba na dakika hamsini na moja ukingo wa mlima uliwaka, na jua likachomoza katika pengo la mawe. Mwanga ulitua juu ya uwanja wote kwa pamoja. Watu walifumba macho na kuinua nyuso.

Ercilia ndiye aliyeinuka kwanza.

"Nilimuuzia Maximiliano kiwanja bila kumwambia arudi Juni," alisema. "Nilifanya makusudi."

Akaketi. Vichwa vichache viligeuka, kisha vikarudi juani. Mzee mmoja aliitikia kwa kichwa. Nélida alimwekea mkate mapajani. Hayo yote hayakufika nusu dakika, na Ercilia, aliyedhani kwamba maneno yale yangemwaibisha, alisikia kifua chake kimekaa sawa. Alimtazama Ugarteche. Zilibaki dakika tano na zaidi.

Ugarteche alisogea mbele, akakunja mikono, akaikunjua.

"Marafiki," alianza, "kwanza niwashukuru kwa kunipokea. Mlima ni mwalimu. Wengi wenu mnajua kwamba nilipokuwa kijana nilipitia jambo ambalo lilibadilisha maisha yangu."

"Yesu wangu," alisema Nélida kwa sauti ya chini, "anatoa semina."

Alieleza upepo ulivyokuwa ukivuma. Alieleza redio iliyoishiwa betri, na vidole vyake vilivyokufa ganzi, na namna akili inavyofanya kazi mtu anapokosa hewa. Alisema kwamba aliyeketi penye joto hawezi kumhukumu aliye kwenye barafu. Alisema kwamba kuna maamuzi ambayo si sahihi wala si makosa. Sauti yake ilikuwa nzuri, ilipanda na kushuka mahali pake. Ndiyo sauti iliyokuwa imemlisha miaka ishirini, na sasa haikujua njia nyingine ya kwenda.

Ercilia hakumsaidia. Alikuwa ameapa kutomsaidia hata kwa kukohoa. Aliutazama mstari wa kivuli ukitambaa juu ya vumbi la mbao, ukapita magogo ya nyuma, ukafika kwenye viatu vya Ugarteche. Ukapanda magotini.

"Lalo," alisema Ugarteche, na kwa mara ya kwanza sauti ikamkatikia. "Lalo alikuwa mwenzangu. Na lazima mwelewe kwamba wakati ule, katika mazingira yale—"

Kivuli kikamfika kifuani. Alikiona. Alifungua kinywa upesi kama mtu anayekimbilia gari linaloondoka.

"Nili—"

Mwanga ukatoka usoni pake. Jua lilikuwa limeingia nyuma ya mwamba.

Watu waliinuka. Walikunja blanketi, wakamwaga majani ya vibuyu, wakaagana kwa mabusu ya shavu kama kawaida yao.

"Sijamaliza," alisema Ugarteche.

"Jua limemaliza," alijibu Nélida, akibeba karai lake la mafuta.

"Ni maneno manne tu yaliyobaki. Doña Ercilia. Nisikilize, nayasema sasa hivi."

Ercilia alikuwa tayari amevaa kofia. Alimkaribia kiasi cha kuweza kusema bila kupaza sauti.

"Mimi nimeyasikia tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Sikuyataka kwa ajili yangu; nilitaka uyaseme juani, mbele ya watu. Ulipewa dakika sita, nami nikakutangulia nikuonyeshe zinavyotumiwa." Alifunga kifungo cha koti. "Mwakani."

"Mwaka mzima humu?"

"Kuni zikatwe sasa," alisema. "Zikatwe na zipangwe mbali na paa, theluji inayoteleza kutoka paani isiziangukie. Hilo hukuniuliza, lakini nimekwambia."

Alivuka daraja. Upande wa Alto jua lilikuwa bado limelala juu ya meza yake ya jikoni, na lingekuwapo hadi jioni. Alichemsha maji katika sufuria ya Lalo, akajaza kibuyu, akaketi. Ng'ambo, moshi mzito wa kuni mbichi ulianza kutoka katika bomba la nyumba ya vioo. Ercilia aliigeuza sufuria mpaka mistari yote saba ikaelekea dirisha, kisha akanywa bila haraka.