Doa kwenye Chokaa

La, hakuzama mtu. Mbona unakimbilia mwisho? Waliozama ni mbuzi, mbuzi wa Gumato, yule mjane, na hao mbuzi ndio waliomfanya Guled ashindwe kula. Sasa utaniuliza, mbuzi na fundi wa kuchomelea vyuma wapi na wapi. Nakuja huko.

Guled ndiye aliyekuwa akitengeneza pantoni ya Alio, ile inayovusha watu na mazao Mto Tana, huko mashambani juu kidogo ya mji wa Garissa. Pantoni yenyewe si kitu cha ajabu: sakafu ya mbao juu ya matangi mawili ya chuma, na waya mzito wa kuivutia kutoka ukingo hadi ukingo. Matangi yakiwa na hewa, inaelea. Yakiingia maji, basi tena. Kwa hiyo kila akichomelea tangi, Guled hulipima kama alivyofundishwa Mombasa: nje ya mshono anapaka chokaa, ndani anapaka mafuta ya taa, kisha anasubiri. Mafuta ya taa ni mbea, hayakosi tundu. Pakiwa na upenyo hata wa sindano, chokaa itaota doa.

Ramadhani ile, jua likikaribia kutua, doa likatoka. Dogo, kama kupe kwenye sikio la ngamia. Guled alilitazama. Koo limekauka, msikitini watu wanapanga tende, na kuanza upya ni kuwasha jenereta tena. Akajiambia ni jasho lake lililodondoka. Akalifuta kwa kidole gumba, akaenda kufuturu.

Tangi halikumuumbua siku ile. Lilikunywa maji kidogo kidogo, kama mtu anayejifunza uongo. Baada ya Idi pantoni ikainama katikati ya mto, mbuzi wakateleza wote upande mmoja, na upande ule ukazidi kuzama. Dekow, mvushaji, aliwatoa watu wote kwa mikono yake, mmoja mmoja, wakishikilia waya. Mbuzi mto ukawachukua.

Pantoni ilipovutwa ukingoni, Alio aliuliza mbele ya watu, "Fundi, ni nini?"

Guled akasikia kinywa chake kikisema, "Uzito."

Hata hakusema Dekow alizidisha, wengine walimmalizia. Uongo wa maneno mengi huchoka njiani, wa neno moja hufika mbali. Akauziba ule mshono peke yake kabla mtu hajauona. Dekow akaachishwa kazi, akatoa mbuzi wake mwenyewe kumlipa Gumato. Na Guled, kila akikaa mbele ya sahani, alikitazama kile kidole gumba kama kidole cha mtu mwingine.

Ndipo Dekow akamwalika chakula cha mchana, kwake mtaa wa Waberi. Guled alipofika aliona kamba imefungwa mlangoni, na beberu aliyezoea kufungwa pale hayupo.

"Karibu, walaal, ndugu yangu," Dekow akasema. "Wewe tu ndiye bado unanisalimia njiani."

Bishara, mkewe Dekow, aliweka sinia la wali na nyama, ndizi pembeni, akaleta birika la kunawia. "Nawa, fundi. Huyu beberu alikuwa mkorofi, alikula shuka zangu. Leo tunalipiza."

Alio naye alikuwa ameitwa. Alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi. "Sema ulichoniitia, Dekow. Ijumaa baada ya swala nampa Keynan kazi yako ya kuvusha."

"Nataka kukuomba radhi, fundi akisikia," Dekow akasema. "Siku ile niliona inainama, nikadhani ni mbuzi wamejazana. Nilikuwa nikikuapia sikuzidisha. Sasa nimewahesabu kichwani mpaka nawaona hata wale ambao hawakuwemo. Labda nilizidisha kweli."

Kwa watu wa kule, mgeni mwenye neno zito hagusi chakula cha mwenyeji mpaka neno lake lisikike. Birika lilipomfikia, Guled akaurudisha mkono gotini.

"Maji yangu yana nini?" Bishara akauliza.

"Hayana kitu. Nina neno."

Akalisema. Chokaa, doa, kidole. Koo kukauka hakukutaja, wala jenereta. Akaulaza mkono wazi juu ya mkeka, kama mchuuzi anayeonyesha kitu anachojua hakuna atakayekinunua.

"Ulijua?" Alio akauliza.

"Nilijua."

"Na uliposema uzito?"

"Hapo nilijua zaidi."

Midomo ya Dekow ilikuwa ikimwenda. Guled akatambua kwamba anahesabu mbuzi, na safari hii hesabu inakubali.

"Hawakuzidi," Dekow akasema, akimgeukia mkewe. "Nilikuambia hawakuzidi."

"Uliniambia," Bishara akasema. "Halafu ukaacha kuniambia."

Guled akainuka.

"Unakwenda wapi?" Dekow akauliza.

"Siwezi kula beberu wako, Dekow."

"Ameshachinjwa. Ukiondoka, hafufuki. Hayo utayasema tena Ijumaa mbele ya wazee, Gumato akiwepo. Kaa."

Dekow akachukua birika mwenyewe, akamimina juu ya mkono wa Guled. Alimimina maji mengi kuliko mkono mmoja unavyohitaji, bila kuinua uso. Alio akatia funguo mfukoni, akavua viatu. Bishara akajisogeza. Wakakaa wote, sinia katikati.

Kidole gumba cha Guled kilikuwa bado kinadondosha maji, na hakuna aliyempa kitambaa. Dekow akasema bismillahi.